Miezi mitatu au minne? Mgongo wa Ter Stegen na hesabu isiyosomeka kwenye picha

AGOSTI 2025 Barcelona iliingia vitani na nahodha wake mwenyewe. Chanzo hakikuwa mkataba, wala kocha, wala ugomvi wa vyumbani. Kilikuwa mwezi mmoja.

Marc-André ter Stegen alifanyiwa upasuaji wa mgongo Julai 29 mjini Bordeaux, Ufaransa. Kabla hajaingia chumba cha upasuaji aliandika mwenyewe mtandaoni kwamba kwa maelezo ya madaktari atakaa nje kama miezi mitatu. Barcelona walitaka iwe minne.

Shabiki wa kawaida lazima ajiulize, klabu gani hiyo inayotaka kipa wake aumwe muda mrefu zaidi? Jibu liko kwenye kanuni za La Liga. Madaktari wa ligi wakithibitisha kwamba mchezaji ana jeraha la muda mrefu, yaani miezi minne na kuendelea, klabu inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 80 ya mshahara wake kumwandikisha mwingine. Barca, ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakibanwa na ukomo wa mishahara, walikuwa wamemchukua kipa Joan García kutoka Espanyol na hawakuwa na nafasi ya kumwingiza kwenye orodha. Ikiwa miezi mitatu, García anakaa jukwaani na suti yake. Ikiwa minne, García anadaka.

Kikwazo kilikuwa saini. Ripoti ya hospitali ni mali ya mgonjwa, na ili iende kwa madaktari wa ligi lazima mchezaji akubali. Ter Stegen akagoma kwanza. Klabu ikamfungulia mashauri ya nidhamu, na Agosti 7 ikamvua kitambaa. Kesho yake mambo yakaisha, jamaa akasaini na kitambaa kikarudi mkononi. Wiki iliyofuata García alikuwa langoni Barca wakiifunga Mallorca 3-0.

Vijiweni stori ikawa nani mbinafsi kati ya kipa na klabu. Swali zito zaidi likapita hivihivi. Inawezekanaje mgongo uleule, upasuaji uleule, mmoja aone miezi mitatu na mwingine minne, na wote wawili wasiwe waongo?

Kulijibu hilo lazima kwanza kujua ndani ya mgongo kuna nini. Barcelona wenyewe walisema tu kwamba ni tatizo la sehemu ya chini ya mgongo. Lakini ukisikia mchezaji anapasuliwa eneo hilo, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni diski.

KIBOFU KIKICHOMOZA

Uti wa mgongo ni mnara wa pingili. Shingoni ziko 7, kifuani 12, kiunoni 5, halafu chini kabisa kuna mfupa mmoja mpana ulioshikana na nyonga. Katikati ya pingili na pingili, ukiacha mbili za juu kabisa za shingo, kuna diski. Jumla yake ni 23. Kazi yake ni kubeba uzito na kuruhusu mwili upinde na kugeuka bila mfupa kusagana na mfupa.

Aliyekulia kwenye chandimu ataelewa haraka. Mpira wa ngozi ukichakaa, nyuzi zinaachia upande mmoja, na kibofu cha ndani kinaanza kuchomoza kama jipu. Ukiendelea kuupiga, kibofu kinatoka nje kabisa. Diski nayo ina ganda la nje lenye tabaka nyingi za nyuzi ngumu zilizopishana, na ndani yake kuna ute mzito uliojaa maji. Ganda likichoka au likichanika, ute unasukumwa kwenye ufa.

Kuna hatua zake, na magazeti mengi huzichanganya. Ya kwanza diski inavimba tu pande zote, kama mpira uliojaa upepo kupita kiasi. Ya pili inachomoza sehemu moja. Ya tatu ute unapenya ganda na kutoka nje. Ya nne kipande kinakatika kabisa na kubaki peke yake pembeni ya mishipa ya fahamu. Zote hizo mtaani zinaitwa "diski imetoka", wakati tofauti kati ya ya kwanza na ya nne ni sawa na tofauti kati ya kadi ya njano na nyekundu. Na katika hili kuna vituko, maana hiyo nyekundu, kama itakavyoonekana, mara nyingine hupona vizuri kuliko njano.

Kitu kimoja zaidi. Diski haihami. Imeshikana na pingili juu na chini, haitelezi kama sahani kabatini. Kwa hiyo wale mafundi wa kuchua wanaojisifu kwamba wameirudisha kwa kuigonga au kukanyaga mgongo hawajarudisha kitu. Kuchua kunaweza kulegeza misuli iliyokaza na mtu akajisikia nafuu, hilo halina ubishi, lakini ute uliopasua ganda hausukumwi kurudi ndani kwa kisigino.

Sehemu kubwa kabisa ya diski zinazotoka kiunoni ni mbili za chini, ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, na ile iliyo kati ya ya tano na mfupa wa nyonga. Ndipo uzito wote wa mwili unapotua, na ndipo mwili wa mchezaji unapokunjwa na kuzungushwa anapopiga shuti, anaporuka kichwa au anapogeuka ghafla kumfuata winga. Kipa ana lake la ziada. Anaanguka kwa ubavu mara nyingi mno kila wiki, mazoezini kuliko hata kwenye mechi.

Karibu na hapo ndipo inapochomoza mizizi ya ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye unyayo. Ute ukiugusa mzizi, maumivu hayabaki kiunoni. Yanashuka mguuni kama shoti ya umeme. Na si kwa sababu ya kubanwa tu. Ute wenyewe unauchokoza mshipa na kuleta uvimbe, ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kumlaza chini beki wa kilo 90.

BALE ALIKUWA NAYO, AKAKIMBIA NAYO

Septemba 2013 Real Madrid walimleta Gareth Bale kutoka Tottenham kwa dau lililovunja rekodi ya dunia, karibu euro milioni 100. Mwezi uliofuata gazeti la Marca likatoka na habari kwamba bidhaa hiyo ya bei mbaya ina diski iliyotoka. Madrid nzima ikatetemeka. Klabu ikajibu kwamba Bale ana diski iliyochomoza kidogo, ya muda mrefu, kitu cha kawaida sana kwa wachezaji, na kwamba hakimzuii kucheza.

Wengi walidhani ni propaganda za klabu iliyouziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu ikaja Aprili 16, 2014, fainali ya Copa del Rey pale Mestalla. Dakika ya 85, Bale akausukuma mpira mbele, Marc Bartra akamtoa nje ya mstari wa uwanja, Bale akapitia huko nje, akarudi ndani, akafunga. Madrid 2, Barcelona 1. Mei 24 mjini Lisbon akapiga kichwa cha bao la pili dhidi ya Atletico katika muda wa nyongeza, na Ulaya ya kumi ikaenda Bernabéu. Baadaye majeraha yalimwandama kweli, hasa ya vigimbi. Lakini mgongo uliotajwa na Marca ndio huohuo uliomkimbiza Bartra.

Madrid walikuwa sahihi, na sayansi iko upande wao. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizovimba. Miaka 30, asilimia 40. Miaka 40, nusu yao. Hao ni watu wanaotembea, wanacheka, wanabeba ndoo za maji bila kujua chochote.

Maana yake kwa soka ni kubwa. Ingiza kikosi kizima cha ligi yoyote kwenye mashine ya MRI leo, utatoka na rundo la diski mbaya kwenye karatasi, na wenye karatasi hizo watacheza Jumamosi bila shida. Picha inaonyesha umbo, haionyeshi maumivu. Ndiyo sababu usajili unaovunjika kwenye vipimo vya afya kwa kisingizio cha mgongo unastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Wakati mwingine daktari ameona hatari ya kweli. Wakati mwingine klabu imepata njia ya kupunguza bei.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mgongo wa mchezaji ni diski. Julai 4, 2014 Neymar alipigwa goti na Juan Zúñiga wa Colombia kule Fortaleza na Kombe la Dunia likaishia hapo kwake. Ule ulikuwa mfupa, pingili ya tatu ya kiunoni ilivunjika. Mfupa ukiachwa utulie unaunga. Diski ina bahati mbaya ya kupata damu kidogo mno, hivyo ganda lililochanika linajikarabati polepole na kwa shida. Na kwa vijana wa akademi, maumivu ya kiuno yasiyoisha mara nyingi ni ufa mwembamba nyuma ya pingili unaotokana na kupiga na kuruka kupita kiasi, wala diski haihusiki.

"NYAMA ZA PAJA" ZISIZOPONA

Diski ya kiunoni ina tabia ya kujificha. Mchezaji anashika nyuma ya paja, anatolewa, klabu inatangaza nyama za paja, wiki tatu. Wiki tatu zinaisha, anarudi, dakika ya 20 anashika tena palepale. Mashabiki wanaanza kumwita mdebwedo. Kumbe misuli haina kosa, maumivu yanatoka juu, kwenye mzizi wa mshipa.

Fizio mzuri ana njia za kutofautisha hata bila mashine. Anamlaza mchezaji chali na kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakichomoka kama umeme hadi chini ya goti, anaanza kushuku mgongo. Anamwambia anyanyue kidole gumba cha mguu huku yeye anakikandamiza, kisha asimame kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja, mara kadhaa. Kidole kikilegea au kisigino kikikataa kupanda, kuna mzizi unaoteseka, na anaweza hata kukisia ni diski ya ngapi. Ganzi nayo inasema. Ikiwa juu ya unyayo ni mzizi mmoja, ikiwa pembeni upande wa kidole cha mwisho ni mwingine. MRI inakuja baada ya hapo, kuthibitisha kile mwili umeshasema.

MWILI UNAKULA KIPANDE

Sasa matibabu. Hapa ndipo mashabiki wengi wanapokosea, kwa kudhani diski ikitoka ni kisu tu. Wengi wao, wachezaji na wasio wachezaji, wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Sababu ni tamu kidogo. Ute uliotoka nje ya ganda unaonwa na kinga ya mwili kama mgeni, na seli zinaanza kuutafuna na kuusafisha. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2015 zilionyesha vipande vilivyokatika kabisa vilisinyaa kwa asilimia 96 ya wagonjwa, vilivyopenya ganda asilimia 70, na vile vilivyochomoza tu asilimia 41. Hiyo ndiyo kadi nyekundu inayofutwa yenyewe.

Wakati mwili unafanya kazi yake, tiba ni kumsaidia mtu aendelee kuishi. Zamani walilazwa kitandani wiki nzima na ubao chini ya godoro. Siku hizi kulala muda mrefu hakushauriwi, misuli inanyauka na mgongo unakosa walinzi. Mchezaji anatembea, anaogelea, anafanya mazoezi ya tumbo, makalio na misuli midogo inayoshika pingili, na mzigo unaongezwa taratibu. Dawa za kupunguza uvimbe zinasaidia siku za mwanzo. Maumivu yakizidi, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi karibu na mzizi wenyewe, kwa kuongozwa na picha.

Kwa mchezaji wa kulipwa hiyo sindano ina mtego. Tangu Januari 1, 2022 kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni zinazuia steroidi za aina hiyo kwa njia zote za sindano wakati wa mashindano. Na tangu Januari 1, 2024 tramadol, kidonge cha maumivu ambacho wengi walikimeza kama karanga, nacho kimo kwenye orodha siku ya mechi. Mchezaji anayetibiwa mgongo kwa siri nje ya timu anaweza kujikuta amefungiwa kwa dawa aliyoandikiwa na daktari halali kabisa.

Kuhusu vidonge, Daniel Agger anapaswa kukumbukwa. Beki huyo wa Denmark, aliyetamba Liverpool, aliteswa na mgongo na alipasuliwa mwaka 2009. Machi 2015, akiwa amerudi Brøndby, alitolewa kabla ya nusu saa kutimia katika dabi dhidi ya FC Copenhagen, akiwa hajielewi vizuri. Alistaafu 2016 akiwa na miaka 31 tu, kisha akaeleza hadharani kwamba kwa miaka alikuwa akitumia dawa za kupunguza uvimbe kupita kiasi ili aweze kuingia uwanjani. Hakuna aliyemshikia bunduki. Kulikuwa na mechi kila wiki, kulikuwa na mashabiki wanaoimba jina lake, na kulikuwa na kidonge.

KISU KINANUNUA NINI

Upasuaji wa diski una historia ndefu. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika kwamba maumivu yale ya mguu yanaweza kutokana na diski iliyopasuka, na kwamba ukitoa kile kipande mgonjwa anapata nafuu. Kuanzia miaka ya 1970 kazi hiyo ikaanza kufanywa kwa darubini kupitia kidonda kidogo. Mpaka leo wazo ni lilelile. Daktari hafungi ganda wala haweki diski mpya, anatoa kipande kinachougusa mshipa na kuondoka. Mgonjwa mara nyingi anatembea siku hiyohiyo au kesho yake.

Je, inafanya kazi? Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2007 uliwachukua watu 283 wenye maumivu makali ya mguu yaliyodumu kati ya wiki 6 na 12. Kundi moja likapasuliwa mapema. Jingine likaambiwa lisubiri na kutibiwa bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, hakuna ubishi. Lakini mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Ila kwenye kundi la kusubiri, asilimia 39 walishindwa kuvumilia na kuishia kwenye kisu.

Yaani kwa mgonjwa wengi wa kawaida, kisu hakinunui mgongo bora. Kinanunua muda. Na kwenye soka muda ndiyo sarafu yenyewe. Karani anaweza kusubiri miezi saba akiumwa kidogo kidogo. Straika mwenye mkataba unaokwisha Juni hawezi, na klabu iliyo pointi mbili nyuma ya kinara haitaki. Hapo ndipo mchezaji anapasuliwa kwa sababu za kalenda ya ligi kuliko za mgongo wake. Si kosa lazima, ila ni vizuri kuita kitu kwa jina lake.

Takwimu za kurudi uwanjani si mbaya. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanamichezo 342 wa kulipwa waliotibiwa diski za kiunoni, wa besiboli, kikapu, magongo ya barafu na soka lao la mikono, ulikuta asilimia 82 walirudi kucheza. Wa besiboli walirudi kwa wingi kuliko wale wanaogongana kama magari. Soka letu liko katikati ya hapo, kuna mikimbio mingi lakini vikumbo pia havikosekani.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba ganda lililopasuka linabaki na udhaifu, na diski ileile inaweza kutoka tena. Tiger Woods wa gofu ndiye kielelezo kinachojulikana zaidi. Alipasuliwa mara ya kwanza Machi 2014, akapasuliwa tena mara mbili 2015, na 2017 ikabidi pingili mbili ziunganishwe kabisa. Miaka miwili baadaye, 2019, akatwaa Masters na dunia ikasimama. Lakini visu havikuishia hapo, na Oktoba 2025 aliwekewa diski ya bandia. Kwenye gofu unaweza kuishi na pingili zilizounganishwa. Kwa kiungo anayepokea mpira huku amegeuza mgongo kwa goli na mtu amemlalia nyuma, hiyo ni hadithi nyingine.

RUDI KWENYE ULE MWEZI

Ter Stegen hakuwa mgeni wa meza ya upasuaji. Desemba 2023 alipasuliwa mgongo na Februari 2024 alikuwa langoni. Miezi miwili. Kwa hiyo aliposema mitatu Julai 2025, hakuwa anaota. Alikuwa amejiongezea mwezi mmoja juu ya kile alichokwisha kukipitia. Barcelona nao waliposema minne hawakuwa wamezusha, maana kurudia kupasua eneo moja kuna kovu, kuna tahadhari zaidi, na jamaa alikuwa na miaka 33 na msimu uliotangulia aliupoteza karibu wote kwa mshipa wa goti.

Tatizo ni neno "kurudi". Kwa daktari, kurudi ni kidonda kimepona na mshipa umetulia. Kwa fizio, ni kukimbia na kubadili mwelekeo bila mguu kulalamika. Kwa kocha wa makipa, ni kuanguka kushoto na kulia siku tano mfululizo na kuamka siku ya sita bila kukakamaa. Kwa kocha mkuu, ni dakika 90. Kati ya maana ya kwanza na ya mwisho kunaweza kuwa na mwezi mzima, na kila mtu akachagua maana inayomfaa. Hakuna mashine inayotoa tarehe.

Ter Stegen alicheza mechi yake ya kwanza Desemba 16, 2025 dhidi ya Guadalajara kwenye Copa del Rey. Ukihesabu kutoka Julai 29 ni miezi minne na nusu hivi. Barca wanaweza kusema tuliwaambia. Ila siku ya kucheza si lazima iwe siku ya kupona, na García alikuwa ameshaifanya namba moja kuwa yake. Tena García mwenyewe aliumia goti Septemba, akapasuliwa, na mzigo ukamwangukia Wojciech Szczęsny, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshastaafu soka.

Pamoja na hayo yote, kipa alikuwa na haki ya kusita. Kanuni iliyowekwa kumsaidia mwajiri apate mbadala iligeuza urefu wa ugonjwa wa mtu kuwa pesa, na mwenye ugonjwa akawa wa mwisho kusikilizwa. Mchezaji anayekubali kwa maandishi kwamba mgongo wake ni wa miezi minne anajishushia bei yeye mwenyewe sokoni. Kumvua kitambaa kwa sababu hajasaini karatasi ya hospitali ilikuwa nguvu isiyohitajika, na klabu ilionekana kulijua hilo ndani ya saa 24.

Kwa soka la Bongo kisa hiki si cha mbali kama kinavyoonekana. Taarifa za klabu zetu mara nyingi huishia "majeraha ya mgongo", bila hatua, bila kueleza kama mguu una ganzi au hauna, na shabiki anabaki kukisia kama straika wake anaumwa au anashinikiza mkataba. Upasuaji wa mgongo unafanyika hapahapa nchini, Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili inaufanya. Pengo kubwa liko kabla ya hapo, kwa mchezaji wa madaraja ya chini asiye na bima anayechuliwa miezi sita kwa "nyama za paja" kabla mtu hajamwambia anyanyue kidole gumba.

Na kuna hali moja isiyo na mjadala wa wiki wala miezi. Mara chache, diski kubwa inatoka katikati na kubana lundo zima la mishipa ya chini. Mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, choo hakizuiliki, sehemu za siri na mapaja ya ndani yanakufa ganzi, miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Hapo hasubiriwi fizio wala ripoti ya Jumatatu. Mishipa hiyo ikikaa imebanwa siku mbili inaweza isirudi tena, na mchezaji huyo anatakiwa awe hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huohuo, hata kama timu iko njiani kwenda mechi ya ugenini.